Mchuuzi wa Beit Hanina na Chungu cha Watu

Haya, wapwa zangu, leo nina hadithi ya mchuuzi. Ni mchuuzi wa kweli, si wa kubuni. Jina lake Abdul Hameed Shoman, na alikuwa Mpalestina.

Najua mtauliza. Yupo mmoja kati yenu asiyeweza kukaa dakika mbili bila kuuliza, na mimi nampenda kwa hilo.

"Mjomba, Palestina iko wapi?"

Swali zuri! Tuanze na mvua.

Mvua ikinyesha hapa Bunia, maji yanashuka kwenye mto Shari. Shari unaingia mto Ituri. Ituri unakwenda magharibi, unapenya msituni, na huko mbele watu wanauita Aruwimi. Ukifika Basoko, unamwaga maji yake katika mto Kongo. Kongo nao unakwenda, unakwenda, unakwenda, mpaka bahari ya Atlantiki. Ng'ambo ya bahari hiyo iko Marekani.

Lakini mvua hiyohiyo ikinyesha Kasenyi, kule wanakotoka akina mama wa samaki, maji yanaingia Ziwa Albert. Ziwani yanatoka kwa mto Nile. Nile haupendi magharibi, wenyewe unakwenda kaskazini. Sudan Kusini, kisha Sudan, kisha Misri, mpaka bahari ya Mediterania. Hapo ukigeuka kulia na kufuata pwani, hukawii kufika Palestina.

Mmeona? Mvua ni moja, njia ni mbili. Tone moja linaelekea Palestina, tone jingine linaelekea Marekani. Nasi tunakaa hapa juu, mahali maji yanapoagana. Mtu wetu wa leo alizaliwa upande wa tone moja, akaenda kutafuta maisha upande wa tone la pili.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika kijiji kinachoitwa Beit Hanina. Kijiji hicho kiko kaskazini mwa Yerusalemu. Ndiyo, Yerusalemu ileile mnayoisikia kanisani na msikitini. Ni mji wa milimani, karibu mita 800 juu ya bahari. Sisi wa Bunia tuko juu zaidi, tumepita mita 1,200, kwa hiyo msione haya kujivuna kidogo.

Siku hizo Palestina ilitawaliwa na Waturuki wa Dola ya Osmania. Nyumba za Yerusalemu zilijengwa kwa mawe meupe, na mawe hayaruki yenyewe kutoka mlimani kwenda ukutani. Lazima mtu ayavunje. Lazima mtu ayachonge. Lazima mtu ayabebe. Mmewahi kuwaona watu wanaoponda kokoto kandokando ya barabara, vumbi mpaka kwenye kope? Basi Abdul Hameed aliacha shule mapema, akaingia kwenye kazi ya mawe akiwa bado kijana mdogo. Nyundo, jua, vumbi. Kesho yake, nyundo, jua, vumbi.

"Mjomba, kwa nini asitafute kazi nyingine?"

Alitafuta. Ila aliitafuta mbali. Mwaka 1911 alipanda meli kwenda Marekani.

Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Miaka hiyo vijana wengi kutoka Palestina, Lebanoni na Syria waliondoka kwao kwenda ng'ambo. Wengine walikwenda Marekani, wengine Brazili, wengine Chile. Wale wa Chile wakawa wengi hata wakaunda timu yao ya mpira. Inaitwa Palestino, ilianzishwa mwaka 1920, iko katika mji wa Santiago, na mpaka leo inacheza ligi. Nyinyi wapenda mpira, nimewapa hiyo kama nyongeza. Sasa turudi melini.

"Mjomba, mtu anayehama hivyo anaitwaje?"

Anaitwa mhamiaji. Na usidhani wahamiaji wako mbali. Nenda soko letu la Bunia. Yule anayeuza mabati na misumari, muulize kwao wapi. Huenda atakwambia Butembo, au Beni. Waulize wazee juu ya maduka ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji. Watakutajia Wagiriki waliokuja kutoka visiwa vya mbali, wakauza chumvi na vitambaa hapahapa. Dhahabu ya Kilo nayo ilivuta watu kutoka kila upande. Na babu yako mwenyewe, ukimuuliza vizuri, huku umemletea maji ya kunywa kwanza, huenda akakwambia kwamba alifika hapa kwa miguu akiwa na panga moja na blanketi moja. Mhamiaji ni mtu kama huyo.

Abdul Hameed alifika Marekani, na Kiingereza hakijui. Angefanya nini? Alifanya wanayofanya wengi wasio na kitu. Alichukua bidhaa, akazitia ndani ya begi, akaanza kutembeza nyumba kwa nyumba. Kama vijana wetu wanaotembeza soksi na chaja za simu kule karibu na soko. Kama wao kabisa.

Hapa natamani tumsikilize mwingine. Natamani tulisikilize begi. Ndiyo, begi! Mnajua na mimi najua kwamba begi halisemi. Lakini leo nimelipa ruhusa. Sema, begi.

"Mimi ni begi. Kazi yangu ni kubebwa. Asubuhi bwana wangu ananijaza nguo, vitambaa na vitu vidogo vya nyumbani. Ananitia mgongoni. Tunatembea. Tunabisha hodi. Hapo shida inaanza! Mama mwenye nyumba anafungua mlango, anamwaga maneno kama mtu anayemwaga maji, na bwana wangu haambulii hata moja. Basi ananifungua mimi. Mimi ndiye ulimi wake. Mama anachungulia ndani. Anashika kitambaa, anakigeuza, anakinusa hata. Anaonyesha vidole viwili. Bwana wangu anaonyesha vitatu. Mama anakunja uso. Bwana wangu anakunja uso. Halafu wote wawili wanacheka, na pesa inatoka. Tunatembea, tunauza. Tunatembea, tunauza.

"Msidhani kila mlango unacheka. Upo mlango usiofunguka. Upo mlango unaofunguka halafu unafungwa kwa kishindo, pwaa! Bwana wangu anasimama kidogo. Ananiinua tena. Tunakwenda mlango wa pili. Tunatembea, tunauza. Jioni mgongo wake umelowa jasho, nami nimelowa pamoja naye. Tukifika chumbani anahesabu. Fungu hili la chakula. Fungu hili la kununua bidhaa kesho. Na fungu hili, dogo lakini haligusi, ni la nyumbani. Usiku mimi ni tupu na yeye amechoka. Kesho tena."

Asante, begi. Umesema vizuri, kaa chini.

Wapwa zangu, maneno ya begi nimeyatunga mimi, msiende kuyaandika kwenye mtihani. Lakini kazi ya kutembeza bidhaa ni ya kweli. Na matokeo yake pia ni ya kweli. Kutoka kwenye begi alipata duka. Kutoka dukani alipata kiwanda cha nguo huko New York. Mtoto wa mawe akawa mwenye kiwanda! Haikuwa kazi ya mwaka mmoja wala miwili. Alikaa Marekani karibu miaka 18.

Naona mkono umeinuliwa.

"Mjomba, alikuwa na watoto?"

Alikuwa na mtoto wa kiume, Abdul Majeed. Mtoto huyo alizaliwa Beit Hanina, karibu na wakati ule baba yake alipoondoka. Akakulia kijijini. Baba yuko New York, mtoto yuko Beit Hanina, na kati yao kuna bahari mbili.

"Sasa baba gani huyo, anamwacha mtoto?"

Ah. Swali hilo lina uzito wake, na aliyeliuliza nadhani ana sababu. Hapa kati yenu wapo ambao baba zao wako Mongbwalu kwenye mashimo ya dhahabu. Wapo ambao baba zao wako Kampala, wengine Kinshasa. Simu inaita, baba anasema umekua, wewe unasema ndiyo. Basi.

Siwezi kuwadanganya ili hadithi yangu ipendeze. Mtoto anataka baba alione jino lililong'oka. Pesa haioni jino. Abdul Hameed alikosa mengi katika utoto wa mwanawe, na kiwanda chake chote hakikuweza kumnunulia hata siku moja ya nyuma. Watu wakimsifu mtu kwa bidii, sehemu hiyo huwa wanairuka. Mimi siiruki.

Lakini alifanya jambo ambalo si kila baba aliye mbali analifanya. Alimwita mwanawe. Abdul Majeed alimfuata baba yake Marekani, na baba aliyeacha shule akavunja mawe akamsomesha mwanawe mpaka Chuo Kikuu cha New York. Na huyo mtoto aliyekua bila baba karibu, baadaye alifanya kazi bega kwa bega na baba huyohuyo kwa miaka mingi sana. Sasa pimeni wenyewe. Mimi nikipima, naona upande mmoja deni, upande mwingine mtu aliyejitahidi kulilipa.

Haya. Mwaka 1929 Abdul Hameed alirudi nyumbani. Lakini nyumbani hapakuwa palepale. Waturuki walikuwa wameondoka. Waingereza waliiteka Yerusalemu mwezi Desemba 1917, na sasa wao ndio waliotawala Palestina. Yeye alirudi na pesa zake, na wazo moja kichwani. Wazo lenyewe lilikuwa benki.

Kabla ya hapo alikuwa amezungumza na Mmisri mmoja maarufu, Talaat Harb, ambaye alianzisha Banque Misr huko Kairo mwaka 1920. Abdul Hameed alitaka waanzishe benki ya pamoja, ya Wamisri na Wapalestina. Mpango huo haukufaulu. Basi akaendelea bila hao. Mwaka 1930 benki yake ilifungua milango Yerusalemu. Iliitwa Benki ya Kiarabu. Wenye hisa walikuwa 7, na mtaji ulikuwa pauni 15,000 za Palestina. Mmoja wa washirika wake alikuwa Ahmad Hilmi, aliyekuwa pia baba mkwe wake.

"Mjomba, benki inafanya nini hasa? Inaficha tu pesa?"

Swali zuri kuliko yote ya leo! Hata watu wazima wenye kalamu nne mfukoni wanalikwepa. Sikilizeni.

Piga picha ya ua mmoja, tuseme kule Mudzipela. Katika ua huo kuna mama mmoja mwaminifu. Ana chungu kikubwa. Majirani wamevuna maharagwe, na kila mmoja anaogopa panya nyumbani kwake. Basi wanamletea mama. Huyu kikombe kimoja, yule vikombe vitano, yule bibi kizee nusu kikombe. Mama anayatia chunguni na anaandika ukutani kwa mkaa: fulani kimoja, fulani vitano, bibi nusu. Yanayochanganyika ni maharagwe tu, hesabu haichanganyiki. Kikombe cha mtu ni kikombe cha mtu.

Anakuja kijana. Anasema, "Mama, nikopeshe vikombe vitatu nikapande." Mama anamtazama. Anamjua ni mchapakazi. Anampa. Kijana anapanda, mvua inakuja, anavuna, anarudisha vikombe vitatu na konzi moja juu. Hiyo konzi ndiyo faida. Sehemu inamlisha mama, sehemu inaongeza chungu. Bibi anapata maharagwe yake salama, kijana anapata shamba, na ua mzima unakula.

Benki ndiyo hiyo.

"Lakini Mjomba, kama kijana amechukua vitatu, basi chunguni havimo!"

Wewe! Njoo nikushike mkono. Umeona jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wanazeeka. Kweli, havimo. Chungu cha benki hakijai kamwe. Sehemu iko ndani, sehemu iko mashambani kwa waliokopa. Siku za kawaida hakuna tabu, maana watu hawaji wote kwa pamoja. Leo anakuja bibi, kesho kutwa jirani. Lakini siku moja mtu apite njiani akipiga kelele, "Vita vinakuja!" Nini kitatokea? Kila mtu ataokota kikombe chake na kukimbilia kwa mama. Wote. Asubuhi moja. Na chungu hakijajaa.

Mama mzembe, aliyekopesha kila mpita njia, ameumbuka. Mama mwangalifu, aliyeacha akiba nzuri chini ya chungu, anatoa kikombe kimoja kimoja bila kutetemeka mkono.

Hayo yalitokea kweli. Na mtacheka nikiwaambia kelele ilitoka wapi. Ilitoka huku kwetu Afrika! Mwaka 1935 Italia ilikuwa inajiandaa kuivamia Ethiopia. Habari zikafika Palestina. Watu wakasema, vita hivi vitavuka bahari, vitatufikia. Wakazikimbilia benki wakitaka pesa zao. Benki ya Abdul Hameed ilikuwa bado changa, ina miaka 5 tu. Ilisimama, haikuanguka. Tangu mwanzo ilijulikana kwa tabia moja: haikopeshi ovyo. Wengine waliiona kama bahili. Mimi naona mtu aliyebeba begi mgongoni hawezi kuitupa pesa ya mtu mwingine kama maganda ya ndizi.

Mwaka uliofuata, 1936, Abdul Majeed alijiunga na baba yake katika benki. Nyumbani kulikuwa tayari na mdogo wake, Khalid, aliyezaliwa mwaka 1931. Huyo Khalid alikua baba yupo. Nimefurahi kuwaambia hilo.

Sasa tunafika mwaka 1948. Hapa nitasema taratibu.

Waingereza waliondoka Palestina. Tarehe 14 Mei 1948 ikatangazwa nchi mpya, Israeli, na vita vikawa vikubwa. Vilikuwa vimeanza hata kabla ya siku hiyo. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa kutoka makwao. Familia baada ya familia. Kutoka Haifa, kutoka Jaffa, kutoka vijiji vingi. Wengine walifunga mlango kwa ufunguo wakidhani watarudi baada ya wiki mbili.

Naona mmenyamaza. Watoto wa kwingine wakisikia habari hii huuliza, kukimbia ndiyo nini? Nyinyi hamuulizi. Wakubwa wenu wanaukumbuka mwezi wa tano mwaka 2003, godoro kichwani, mtoto mgongoni, mbio kuelekea uwanja wa ndege kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Na wapo marafiki zenu wanaolala katika kambi ya Kigonze mpaka leo, chini ya turubai. Mnajua mtu anachobeba siku hiyo, na mnajua zaidi anachoacha.

Basi fikirieni mtu wa Haifa. Alikuwa na nyumba, haipo tena mkononi mwake. Alikuwa na duka, halipo. Ana watoto wanne wanaotaka kula. Lakini miaka yote aliweka akiba benki. Je, akiba hiyo iko wapi?

Kwa wengi, jibu lilikuwa chungu. Benki zilizobaki upande wa Israeli ziliamriwa na serikali mpya kuzizuia hesabu za Waarabu waliokimbia. Mtu alikwenda kwenye tawi la benki hiyohiyo katika nchi nyingine, akaambiwa, pole, pesa yako imezuiwa kule. Ni yako, lakini huwezi kuishika.

Benki ya Abdul Hameed nayo ilikuwa imeumia. Matawi yake ya Haifa na Jaffa yalipotea. Makao yake makuu ilibidi yahamie Amman, katika nchi ya Jordan. Rudini kwenye ule ua wa Mudzipela mkaone. Ua umeungua. Mama amekimbia. Vijana waliokopa nao wamekimbia, mashamba yao yamebaki na nyasi, nani atarudisha kikombe? Na hapo mama alipopata kibanda cha kujisitiri, watu wanakuja. Wamechakaa, miguu imevimba, kila mmoja na kikombe. "Mama, tupe maharagwe yetu."

Angeweza kusema, "Hamjui kwamba ua umeungua? Waulizeni waliouchoma." Hakuna ambaye angemlaumu sana. Angeweza kusema, "Rudini vita vikiisha." Hilo nalo lingeonekana neno la busara.

Benki ile haikusema hivyo. Ililipa. Aliyeweka pesa Haifa alilipwa. Aliyeweka pesa Jaffa alilipwa. Walipewa kupitia matawi yaliyobaki, katika nchi walizokimbilia. Kikombe cha mtu ni kikombe cha mtu, hata kama ua umeungua.

"Mjomba, haikufilisika?"

Ha! Ingekuwa hadithi ya kusikitisha sana, sivyo? Haikufilisika. Watu walioupata mkate wa watoto wao siku ile, unadhani walipopata kazi Kuwait au Saudi Arabia walipeleka pesa zao kwa nani? Jirani akauliza, "Wewe unaweka wapi?" Akajibiwa. Benki ikakua, ikawa miongoni mwa benki kubwa za nchi za Kiarabu, na makao yake yako Amman mpaka leo.

Sitaki mtoke hapa mkidhani mtu huyu alikuwa malaika. Wenye benki hawawi malaika, na mjomba wenu amewahi kupanga foleni ya benki, anajua. Alikuwa mfanyabiashara, alipenda faida, na alijua kwamba jina jema linauzika. Kuna watakaowaambia kwamba alilipa kwa akili ya biashara tu. Huenda akili ilikuwepo. Lakini mimi huwaza hivi: mtu aliyeanza na begi, pesa kwake si namba. Anajua dola moja ni milango mingapi. Anajua mingapi kati ya hiyo ilifungwa, pwaa. Aliyeishika pesa hivyo mikononi mwake, ni vigumu kumtazama mama mkimbizi machoni na kumwambia, samahani, yako imepotea.

"Na yule mtoto aliyeachwa kijijini, Abdul Majeed?"

Sikusahau, na wewe usiyemsahau una moyo mzuri. Abdul Hameed alifariki mwaka 1974. Aliyekaa kwenye kiti chake ni Abdul Majeed. Akaiongoza benki ile miaka zaidi ya 30, mpaka alipofariki mwaka 2005. Khalid naye alifanya kazi humohumo na kaka yake.

Mwaka 1978 benki ilianzisha taasisi yenye jina la mzee, Taasisi ya Abdul Hameed Shoman. Iko Amman. Inasaidia wanasayansi na watafiti, na inaendesha maktaba kubwa iliyo wazi kwa watu wote, yenye sehemu yake ya watoto. Ndiyo, maktaba! Jina juu ya mlango ni la mtu aliyeacha shule akaenda kuvunja mawe.

"Mjomba, kuna vitabu vya Kiswahili humo?"

Ala! Sasa hilo sikuwahi kuwaza, na limenifurahisha kuliko hadithi yangu mwenyewe. Tutawaandikia tuwaulize. Nani ana mwandiko mzuri? Wewe? Lete daftari, lakini ukurasa usiwe ule wenye mafuta ya taa. Anza na tarehe, kisha andika: Bunia, Ituri.